Nimevuka nchi kwa baiskeli na miaka 51

DADA: Haya tumerudi, na leo kaka yangu hatoki hapa mpaka aseme yote, maana mtu kavuka nchi nzima kwa baiskeli, siku 19, na ana miaka 51! Miguu mizima kweli?

KAKA: Yani kila mtu ananiuliza miguu, mbona miguu haikunisumbua dada. Kilichonikamata ni vidole. Asubuhi ya siku ya nne nafunga shati, kidole kidogo na kile cha pete vimekufa ganzi, kifungo nakiona, nimekishika, ila sikihisi. Niliogopa sana, nikajua ndo kiharusi hicho.

DADA: Mungu wangu! Kumbe nini?

KAKA: Kuna neva inapita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, sasa ukiuegemea usukani masaa saba kwa siku unaibana. Na siti yangu ilikuwa imeinamia mbele kidogo tu, basi mwili unateleza, uzito wote unaishia mikononi. Nikaisawazisha siti, nikapandisha usukani kama sentimita mbili, kila dakika chache nabadilisha nilipoushika. Haikuisha siku ile ile lakini, ilichukua muda.

DADA: Na pumzi? Maana umri nao...

KAKA: Pumzi inapungua, tusidanganyane. Ule uwezo wa mwili kutumia oksijeni unashuka kama asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu aliyekaa tu, anayefanya mazoezi unashuka taratibu zaidi. Ila kuna mzee Mfaransa, Robert Marchand, mwaka 2012 akiwa na miaka 100 aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja, 2014 akarudi na miaka yake 102 akapiga 26.927. Kaongeza! Wataalamu wakampima wakakuta na uwezo wa oksijeni umepanda, na mazoezi yake mengi yalikuwa mwendo mwepesi tu. Mimi nilimkumbuka huyo mzee kwenye kila mlima.

DADA: Kwa hiyo hukukazana.

KAKA: Sikukazana hata kidogo, gia nyepesi, pedeli izunguke kama mara 80 kwa dakika, maana ukilazimisha gia nzito magoti ndo yanalipa. Kilichonishinda zaidi ni kupumzika. Siku ya saba nimeamka nimechoka, usingizi haujasaidia kitu, mapigo ya moyo yako juu hata sijashuka kitandani, na bado nataka kwenda, kwa sababu nilipokuwa kijana ningeenda tu na kesho yake niko sawa. Nikakaa kitako nikasema hapana, leo nalala. Nililala mpaka saa tisa mchana dada, na nadhani siku ile ndo iliyonifikisha.

DADA: Na siku ya kufika?

KAKA: Nilifika jioni, nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikaanza kuvua shati kwa mkono ule ule, kifungo cha juu kabisa. Nikakihisi.

DADA: Aisee, umeniliza kaka.