Rimu za SUV Iliyoshushwa: Pima Kwanza, Rangi Baadaye

Karibu mtazamaji. Gari unaloliona hapa ni SUV yenye injini kubwa, imeshushwa milimita 35 kwa springi fupi. Bado ina rimu zake za kiwandani, inchi 21, na tairi 295/40. Mwenyewe anataka inchi 23 nyeusi tupu. Mimi naamini inchi 22 zenye rangi iliyochaguliwa vizuri zitalipendeza gari hili zaidi, na zitadumu. Twende nikuonyeshe kwa nini, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, chukua futi kamba. Gari lisimame kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na mafuta na mizigo unayobeba kila siku. Weka ncha ya futi katikati ya rimu, panda nayo wima mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi. Andika. Fanya hivyo magurudumu yote manne. Usipime kuanzia chini sakafuni, kwa sababu ukibadilisha tairi kipimo hicho kinabadilika, lakini umbali wa katikati ya rimu hadi ukingo unabaki vilevile. Kama gari lako ni la saspensheni ya hewa, lishushe hadi kimo cha chini kabisa ambacho utaliendesha nacho, kisha upime hapo. Watu wengi hupima likiwa limeinuka, halafu wanashangaa tairi likianza kukwaruza.

Sasa hesabu ya tairi, na hapa naomba utulie nami. 295 ni upana kwa milimita. 40 ni asilimia: ubavu wa tairi ni asilimia 40 ya 295, yaani milimita 118. Rimu ya inchi 21 ina milimita 533. Jumlisha ubavu wa juu na wa chini, unapata gurudumu la milimita 769 hivi.

Tukipanda hadi inchi 22 kwa tairi 295/35, ubavu unakuwa 103 na gurudumu zima 765. Tukienda inchi 23 kwa 295/30, ubavu unabaki 88 na nusu, gurudumu 761. Umeona? Kipenyo kwa jumla kimepungua kama asilimia moja tu, spidomita haitasumbuka. Kinachoumia ni ubavu. Umepoteza karibu sentimita tatu za mpira na hewa, kwenye gari ambalo tayari springi zake ni fupi na ngumu. Likiingia kwenye shimo, hakuna tena kitu laini kati ya rimu na lami. Rimu zilizopinda nilizowahi kuzishika mkononi, nyingi zilipinda upande wa ndani, ambako mwenye gari haoni, mpaka usukani uanze kutetemeka.

Utaniuliza, mbona kuna SUV zinazotoka kiwandani na inchi 23? Zipo. Audi RS Q8 iliuzwa na chaguo hilo, lakini tairi lake ni 295/35. Piga hesabu: ubavu ni 103, gurudumu zima ni karibu 791. Kwa hiyo ubavu wa ile 23 ni sawasawa na ubavu wa 22 yetu, na bodi yake ilichorwa tangu mwanzo ipokee gurudumu kubwa hivyo. Ukinunua rimu ya inchi 23 bila nafasi ya gurudumu la 791, umenunua sura tu ya gari lile.

Na kushuka kwenye rimu ndogo zaidi? Kuna mwisho wake pia. Breki ndizo zinazoamua. SUV za aina hii zenye breki za kaboni na kauri zinaweza kuwa na diski ya mbele ya milimita 440, na juu yake kuna kalipa, kile kifaa kinachobana diski; vyote lazima vienee ndani ya rimu. Muombe muuzaji wa rimu akupe mchoro wa kipimo cha breki, ukate kwenye karatasi ngumu, uzungushe juu ya kalipa. Kazi ya dakika kumi.

Hatua inayofuata ni ofiseti, ile namba iliyoandikwa ET nyuma ya rimu. Ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati wa upana wa rimu hadi uso unaobana kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambako rimu hufungwa. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani. Upana nao unagawanyika nusu kwa nusu kila upande. Tuseme una rimu ya inchi 10, ET20, na unataka ya inchi 10 na nusu, ET15. Nusu inchi ni kama milimita 13, kwa hiyo kila upande umeongezeka 6. ET imepungua 5. Kwa nje unatoka kama milimita 11, kwa ndani unaingia moja tu. Kabla hujalipia chochote, ingiza vidole kati ya tairi la sasa na mkono wa saspensheni, uone una milimita ngapi za kuchezea. Kisha kata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uangalie plastiki ya ndani ya madigadi.

Mzigo usiupuuze. SUV hizi hupita tani mbili kwa urahisi. Tairi lenye namba ya mzigo 107 linabeba kilo 975, la 110 linabeba 1060. Chukua uzito wa juu wa ekseli ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, gawa kwa mbili. Tairi na rimu lazima zifike hapo au zizidi. Matundu ya bolti, tundu la katikati, na umbo la sehemu ya bolti inayokaa kwenye rimu, la mviringo kama mpira au la pia (koni), vyote vifanane na rimu mpya. Bolti ya koni kwenye kiti cha mviringo haishiki vizuri, hata ukiikaza vipi.

Haya, rangi. Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu rangi inaweza kukupa ukubwa ambao inchi zinakunyima. Tazama picha hizi mbili: rimu ileile, inchi 22, gari lilelile. Hii nyeusi ya kung'aa imemezwa na tairi. Ukisimama hatua kumi huoni spoki, unaona shimo jeusi, na gurudumu linaonekana dogo. Hii ya fedha iliyokolea, macho yanafuata spoki mpaka ukingoni kabisa, na unaweza kuapa kwamba ni inchi 23. Kama gari ni jeusi na unataka liwe jeusi lote, basi chukua nyeusi isiyong'aa sana, ili mwanga ushike kingo za spoki.

Rimu zilizochongwa uso kwa mashine zikabaki na mng'ao wa alumini ni nzuri dukani. Shida yake ni vanishi. Jiwe dogo likiipasua, maji na chumvi vinapita chini yake, na baada ya muda unaona mistari myeupe kama njia za minyoo. Kuichonga rimu upya kunapunguza alumini, na hakufanyiki mara nyingi. Niliwahi kuwa na seti ya namna hiyo na nikaishia kuzipaka rangi ya unga. Rangi ya unga ni ngumu, inavumilia mawe, lakini huiva kwenye tanuri la karibu nyuzi 200. Hakikisha fundi anadhibiti joto, maana joto la kupita kiasi linalegeza alumini.

Rangi isiyong'aa kabisa usiipake nta wala usiisugue kwa poda ya kung'arisha, itapata mabaka. Kwa vumbi la breki za kawaida, kijivu cha bunduki ndicho kinachosamehe zaidi.

Gari letu tumelivika 22, kijivu cha bunduki. Kaza bolti kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa mpangilio wa nyota, kisha peleka likafanyiwe alaimenti, maana kushusha gari hulaza matairi ndani na kuyala upande mmoja. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, pakia watu wanne, pita kwenye tuta polepole huku umekata usukani. Chaki ikifutika, ndipo panapogusa. Ukishatembea kilomita 100, kaza bolti tena.