Kabla hamjauza kiwanja: pesa ya PhD ya astronomia inapatikana wapi

Jamani habarini, karibuni tena. Leo naingia moja kwa moja, kwa sababu juzi usiku nilipokea ujumbe ulioninyima usingizi. Nausoma kama ulivyo, jina naliacha.

"Shikamoo dada. Nimepata udahili wa PhD ya astronomia nje. Barua imekuja, ila kuhusu ada na pesa ya kujikimu hawajasema kitu. Nimeandikia mashirika mengi, hakuna aliyejibu. Nyumbani wanasema wauze kiwanja nianze mwaka wa kwanza, mengine Mungu atajua. Kuna mfadhili unayemfahamu?"

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa udahili, na tafadhali sana, kiwanja kisiuzwe. Nitegee sikio, wewe na wenzako wote mnaoniuliza swali hilihili kila wiki.

Wengi wetu tumekua tukijua kwamba masomo yananunuliwa, kwa hiyo mtu akipata nafasi anaanza kumsaka wa kumnunulia. Kwa shahada ya kwanza ndivyo ilivyo sehemu nyingi. Kwa uzamivu wa astronomia, sivyo. Huku nafasi na pesa yake kwa kawaida vinatangazwa pamoja. Profesa ameomba ruzuku ya utafiti, tuseme anataka kupima umbali wa nyota za aina fulani, au kunasa mawimbi ya redio ya hidrojeni kutoka galaksi za mbali. Ndani ya bajeti yake kuna fungu la kompyuta, kuna la safari, na kuna la mwanafunzi. Huyo mwanafunzi ndiye atakayesafisha data, ndiye atakayeandika programu, ndiye atakayekesha na grafu isiyokubali kunyooka. Bila yeye makala haitoki. Ndiyo maana analipwa.

Ngoja nisogeze kamera. Hii karatasi niliisaini nilipofika hapa Uholanzi. Hapa juu pameandikwa kwa Kiholanzi "mkataba wa ajira". Ajira, mmeona? Kuna mshahara wa kila mwezi, kuna siku za likizo, kuna mchango wa pensheni. Nilipofika kwenye mstari wa pensheni nilirudia kuusoma mara tatu, nikidhani wamenichanganya na mtu mwingine. Mwanafunzi wa uzamivu hapa ni mfanyakazi wa chuo kwa miaka 4. Chuo kikuu cha Leiden, hapahapa Uholanzi, kina kituo cha kutazama nyota kilichoanza mwaka 1633, na hata pale ni hivyohivyo: wanatangaza nafasi za uzamivu kama wanavyotangaza kazi.

Ujerumani wanakaribiana na hawa. Kuna shule za uzamivu za Max Planck, shirika lao kubwa la taasisi za utafiti, zinaitwa IMPRS kwa kifupi, na za astronomia zipo Heidelberg, Garching karibu na Munich, na Bonn. Unaomba mara moja, maombi yako yanaonwa na wasimamizi wengi, na ukichukuliwa unapewa mkataba. Kazi inafanyika kwa Kiingereza, kwa hiyo Kijerumani kisiwatishe.

Marekani njia ni nyingine kidogo. Idara inakusamehe ada na kukupa posho, nawe unafanya kazi ya msaidizi wa kufundisha, yaani unasimamia mazoezi na kusahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, au unakuwa msaidizi wa utafiti chini ya ruzuku ya profesa. Zuri la Marekani ni kwamba unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Maombi mengi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Ada ya kuomba ikikushinda, idara nyingi zina msamaha wake. Andika uuombe, usione haya.

Uingereza pesa nyingi ya fani yetu inapitia baraza la serikali la kufadhili utafiti linaloitwa STFC. Zamani mgeni alikuwa hapati posho kamili, ila tangu mwaka wa masomo wa 2021 milango imefunguliwa, ingawa wageni hawaruhusiwi kuzidi asilimia 30. Umoja wa Ulaya nao una mitandao ya uzamivu yenye jina la Marie Skłodowska-Curie. Hiyo haiangalii uraia wako hata kidogo. Sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Wewe uliyeko nyumbani unalitimiza sharti hilo ukiwa umekaa hapohapo. Mimi niliyekwisha kuhamia huku ndiye ninayelikosa.

Na msidhani lazima mvuke bahari. Afrika Kusini wana MeerKAT, darubini ya redio yenye antena za sahani 64 kule nyika ya Karoo, na sasa zinaongezwa nyingine mpaka zifike 197 kwa ajili ya SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa na nchi nyingi kwa pamoja. Kituo chao cha astronomia ya redio, SARAO, kina ufadhili wa wanafunzi, na nchi za Afrika zilizo washirika wa SKA zinafikiriwa: Kenya imo, Msumbiji, Zambia, Namibia, Botswana, Ghana, Madagaska na Morisi. Akina dada, OWSD, shirika la kimataifa la wanawake wa sayansi, inafadhili uzamivu wa wanawake wa sayansi kutoka nchi zetu wanaosoma katika vyuo vya nchi zinazoendelea, na Schlumberger Foundation ina Faculty for the Future kwa wanawake wa nchi zetu wanaokwenda vyuo vikubwa vya nje. Hizo mbili ndizo skolashipu ambazo mtu unazitafuta mwenyewe kwanza, na zinastahili jasho lako.

Sasa niseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Pagumu si uzamivu, pagumu ni uzamili. Ulaya nyingi hawakuchukui uzamivu bila uzamili, na uzamili mara nyingi hauna mshahara. Hapo ndipo vijana wengi wenye akili wanapokwama. Ukiwa hapo, tazama Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, tazama DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, tazama NASSP, programu ya Afrika Kusini ambayo ilianzishwa kwa kazi hiihii ya kumvusha mtu kutoka fizikia kwenda astronomia, au ruka uzamili kabisa uombe Marekani. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu namkumbuka mwenzangu tuliyesoma naye, kichwa kunizidi mimi, aliyeishia hapo.

Mtaniuliza, wewe ulipataje? Nilianza vibaya. Niliandika baruapepe kama 40, zote zinafanana: mheshimiwa profesa, mimi ni mchapakazi, napenda nyota tangu utotoni, naomba nafasi. Nilijibiwa mbili, mstari mmojammoja. Chuo kimoja kikanidahili bila pesa, barua kama hiyo yako, nikakaa nayo miezi miwili nikihangaika huku na kule mpaka muda wake ukaisha. Nililia, sifichi.

Kisha nikaacha kuandika, nikaanza kusoma. Makala za astronomia karibu zote zipo bure kwenye tovuti ya arXiv. Nikapata moja kuhusu nyota zinazobadilika mwanga, na kwenye mchoro wa 4 kulikuwa na nyota tatu zimekaa mbali na mstari. Zikanisumbua. Data ya Gaia, chombo cha anga cha Ulaya kilichopima nyota, ni bure, toleo la tatu la Juni 2022 lina vyanzo zaidi ya bilioni 1.8, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuvuta sehemu anayoitaka. Nikazivuta zile tatu. Kuna safu inaitwa RUWE. Ikizidi 1.4 ujue kipimo kina walakini, huenda unachokiona kama nyota moja ni mbili zimeshikana. Kwa nyota mbili kati ya zile tatu namba ilikuwa juu sana.

Nikamwandikia mwandishi wa makala. Sentensi tano. Sikujisifu, sikuomba nafasi. Nilimwambia nilichokiona, nikaambatisha mchoro wangu, nikamuuliza kama walizichuja au la. Baada ya siku tatu akajibu: "Ulitumia kikomo gani?" Nilisoma sentensi hiyo nikasimama kwenye kiti. Hakuuliza mimi nani wala natoka chuo gani. Miezi minne baadaye ruzuku yake ilipopita akanitumia tangazo la nafasi.

Kwa hiyo mkiniuliza muda wenu muuweke wapi, nasema wekeni hapo: makala moja, data ya bure, swali moja la kweli. Jifunzeni Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ina maktaba ya zana za astronomia iitwayo Astropy, bure pia. Na mtu akikuomba pesa ili "akutafutie skolashipu", mwache hapohapo alipo.

Kuna mama mmoja namheshimu sana, Jocelyn Bell Burnell. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, anapitia kwa macho mita na mita za karatasi za chati zinazotoka kwenye antena kila siku, akaona alama ndogo isiyofanana na kitu chochote. Ndivyo palsa ya kwanza ilivyogunduliwa, yaani nyota inayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio. Tuzo ya Nobel ya 1974 kwa ugunduzi huo ilikwenda kwa msimamizi wake, na jina lake yeye halikuwemo. Mwaka 2018 akapewa tuzo ya Breakthrough, dola milioni 3, na zote akazitoa zianzishe mfuko wa kusomesha wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yasiyopewa nafasi, wakimbizi wakiwemo. Mfuko huo unasimamiwa na Institute of Physics, ni kwa wanaosoma Uingereza na Ireland. Kama unaelekea huko, uombe.

Sasa nirudi kwako mdogo wangu. Kama chuo chenyewe ni cha Marekani, vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili asibanwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Wengine hujitoa siku za mwisho, na pesa yao huangukia kwa aliyekuwa anasubiri. Usikubali nafasi wala usiikatae kabla hujauliza. Waandikie idara leo hii, nakili hivi:

"Nashukuru kwa kunidahili. Naomba kujua kama nafasi hii ina msamaha wa ada na posho ya kujikimu, kwa miaka mingapi, na kama inatokana na kazi ya kufundisha au ruzuku ya utafiti. Naomba pia jina la profesa ambaye ningefanya naye kazi."

Ni sentensi tatu tu. Wakishajibu, hata wakijibu vibaya, nitumie tusome wote kabla nyumbani hawajaita dalali.