Saa ya Jibini: Kula Katika Mashamba ya Emilia na Milima ya Bergamo

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji wetu, popote mlipo. Leo mwenzangu Barnaba amerudi kutoka Italia, ambako alikaa siku kumi na mbili za mwezi wa Oktoba bila kukanyaga Roma wala Venice, jambo ambalo jamaa zake bado hawajamsamehe. Kaka Barnaba, mtu anafikaje Italia akarudi bila hata picha moja ya magofu ya Warumi?

BARNABA: Asante, Dada Mwanaidi. Picha ninazo nyingi, ila ni za ng'ombe. Nilitua Bologna, mji wa eneo la Emilia kaskazini mwa Italia, nikakodi gari dogo, nikaelekea mashambani, kwa sababu nilitaka kula vyakula vya huko kwa watu wanaovizalisha. Usiku nililala katika mashamba yanayopokea wageni, ambayo Waitalia huyaita agriturismo. Neno hilo si la kupambia tangazo. Lina sheria yake tangu mwaka 1985, ikaandikwa upya mwaka 2006, na sharti lake kuu ni kwamba kilimo au ufugaji ndio uwe kazi yenyewe ya shamba, na wageni wawe nyongeza. Kwa hiyo anayekupakulia chakula cha jioni ni mtu aliyeshinda shambani, na sehemu kubwa ya anachokupakulia imetoka hapo hapo au kwa majirani wa mkoa huo.

MWANAIDI: Kwa hiyo mgeni hapewi orodha ya vyakula akachagua?

BARNABA: Mara nyingi hapewi. Unapiga simu siku moja kabla, unaulizwa mko wangapi na kama kuna kitu usichokula, basi. Ukifika unakaa, na sahani zinaanza kuja: kwanza vionjo, kisha tambi au wali, kisha nyama na mboga yake kando, mwisho kitu kitamu. Siku ya kwanza nilikosea kama wageni wengi wanavyokosea, nikaishambulia sahani ya tambi nikidhani ndiyo mlo mzima, na nyama ilipofika sikuwa na pa kuiweka. Mwenye nyumba alinitazama jinsi shangazi anavyomtazama mtoto aliyejaza tumbo kwa maandazi kabla ya pilau.

MWANAIDI: Hapo uliposema unaulizwa usichokula ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga na wasikilizaji wetu wengi ni Waislamu. Eneo hilo la Emilia ninalisikia sana kwa nyama ya nguruwe.

BARNABA: Umesikia kweli, na ni heri mtu ajue mapema. Paja la nguruwe la Parma hukaushwa kwa chumvi peke yake kwa muda usiopungua miezi 14, na utaliona limening'inia karibu kila mahali. Hilo ni rahisi kuliepuka kwa kuwa linaonekana. Shida ni pale nguruwe asipoonekana: kitoweo cha tambi cha Bologna huchanganywa naye, tambi ndogo zilizokunjwa ziitwazo tortellini hujazwa nyama yake, na hata ile mikate myembamba ya Romagna, piadina, ambayo kwa macho utadhani ni chapati zetu, kwa desturi hukandwa kwa mafuta yake. Maneno ya kusema kwenye simu ni mawili, senza maiale, maana yake bila nguruwe. Nilikuwa na rafiki Mwislamu kwa siku tatu za mwanzo, naye alikula tambi zilizojazwa boga, nyingine zilizojazwa mboga za majani na jibini laini ya ricotta, na kusema kweli sahani zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Jibini ya Parma nayo hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama; katika hilo kila mtu ana shehe wake wa kumuuliza.

MWANAIDI: Basi tuifikie hiyo jibini, maana ulinitumia ujumbe saa kumi na moja alfajiri ukisema unaiwahi kama mtu anayewahi basi la mkoa.

BARNABA: Ilibidi. Parmigiano Reggiano, ndiyo hiyo jibini ya Parma, hutengenezwa asubuhi, na ukifika saa tano utakuta watu wanaosha sakafu. Maziwa ya jioni hulazwa usiku kucha katika mabeseni mapana, malai yakapanda juu yakaondolewa, kisha alfajiri yakachanganywa na maziwa mapya ya asubuhi ndani ya sufuria kubwa za shaba zenye umbo la kengele iliyogeuzwa. Hayapikwi kwanza ili kuua vijidudu. Ni maziwa mabichi. Hutiwa kiasi cha maji ya maziwa yaliyobaki jana yake, jinsi mama zetu wanavyoacha mtindi kidogo kwenye kibuyu ili kugandisha maziwa ya kesho, halafu kile kimeng'enya, na baada ya dakika kama kumi sufuria nzima imeganda. Fundi huuvunja mgando kwa chombo kama mchapo mkubwa wa waya, mpaka uwe chembe ndogo kama punje, huku moto ukipandishwa hadi nyuzi 55. Kisha chembe huzama chini na kushikana.

MWANAIDI: Na hapo ndipo jibini inapozaliwa?

BARNABA: Ndipo hasa, na Waitalia wenyewe hutumia neno la uzazi. Watu wawili huingiza kitambaa chini ya lile donge, wakaliinua kwa mti, wakalikata katikati, na vipande hivyo viwili huitwa mapacha. Kila pacha amekula lita 550 za maziwa hivi, na akikomaa atakuwa na uzito wa kilo 40 hivi. Hulala kwenye maji ya chumvi karibu majuma matatu, kisha hupandishwa kwenye rafu za mbao zinazofika darini, akae miezi 12 kwa uchache, na wengi hukaa 24 au 36. Baada ya mwaka huja mkaguzi na nyundo ndogo, anagonga huku na huku akisikiliza, jinsi mtu wa sokoni anavyoligonga tikitimaji. Ikisikika ina shimo au ufa ndani, haipigwi muhuri wa moto.

MWANAIDI: Mwaka mzima mtu anatunza mali asiyoweza kuiuza! Huyo mfugaji anaishi kwa nini katikati?

BARNABA: Hilo ndilo lililonishangaza kuliko ladha. Iko benki ya huko inayopokea jibini kama dhamana ya mkopo, na ina maghala yake ya kuihifadhi. Ndiyo maana tetemeko la Mei 2012 liliwaumiza sana: rafu ziliangushana kama karata zilizosimamishwa, na magurudumu ya jibini maelfu kwa maelfu yakapasuka kwa siku moja. Nilipokuwa nikisikia habari hiyo nilikuwa nimesimama katikati ya rafu za urefu wa nyumba ya ghorofa, na sitaficha kwamba nilisogea karibu na mlango.

MWANAIDI: Na ladha yenyewe?

BARNABA: Ile ya mwaka mmoja ni laini, ina harufu ya maziwa. Ya miezi 36 humeguka, na ndani yake kuna vipunje vigumu vinavyokwaruza jino, ambavyo watu hudhani ni chumvi, kumbe ni fuwele za protini iliyovunjika kwa muda mrefu. Walinimegea kwa kisu kifupi, wakadondosha juu yake matone mawili ya siki nyeusi ya Modena, nami nikakaa kimya.

MWANAIDI: Siki juu ya jibini? Mimi siki naijua kwenye kachumbari na achari.

BARNABA: Hii si ile. Inaanza kama sharubati ya zabibu iliyochemshwa ikazidi kuwa nzito, kisha ikawekwa katika safu ya mapipa yanayozidi kupungua ukubwa, kila moja la mti wake: mwaloni, mforsadi, mcheri. Kila mwaka huchotwa kidogo katika pipa dogo kabisa, na pengo lake hujazwa kutoka pipa linalofuata, hivyo hivyo mpaka kubwa. Mapipa hukaa darini, kwenye joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, kwa muda usiopungua miaka 12, na ile iliyozeeka zaidi miaka 25. Huuzwa katika chupa ya mililita 100 tu. Ile rahisi ya dukani yenye jina linalokaribiana, ambayo huchanganywa na siki ya divai, inaweza kukaa siku 60 tu. Si mbaya, lakini hawa wawili si ndugu wa karibu.

MWANAIDI: Haya, ukavuka mto Po ukaenda milimani. Hapa wasikilizaji wakae sawa, kwa sababu Barnaba alikwenda mpaka Italia kula ugali.

BARNABA: Sikatai! Katika milima ya Bergamo chakula cha wenyeji ni polenta, nayo ni unga wa mahindi ya njano uliosagwa nusu, ukasongwa katika sufuria ya shaba kwa mwiko mrefu. Tofauti ni kwamba wanatia chumvi, wanaanza ukiwa mwepesi kama uji, na wanasonga kwa dakika 40 na zaidi. Mama mwenye nyumba alinipa mwiko, na nilipoanza kukandamiza kwa nguvu kwenye ukingo wa sufuria, kama tunavyofanya, alinipokonya taratibu, akanionyesha kwamba polenta huzungushwa, haipigwi. Ikiiva humwagwa juu ya ubao, na hukatwa kwa uzi, si kwa kisu. Tulikula na nyama ya sungura na uyoga wa msimu. Nilitaka sana kula kwa mkono, lakini nilijizuia.

MWANAIDI: Na ukoko?

BARNABA: Unaliwa! Watoto wa nyumba waliugombea. Hapo ndipo nilipojiona niko nyumbani kabisa. Lakini kuna upande wa pili wa habari hii. Mahindi yalifika kwao kutoka Amerika kama yalivyofika kwetu, na maskini wa kaskazini mwa Italia katika karne ya 18 na ya 19 walikula polenta bila kitoweo cha maana, wakapata pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Jina hilo lilitolewa na daktari wa Milan mwaka 1771. Watu wa Mexico, wenye mahindi yao tangu kale, walikuwa wakiyachemsha kwa chokaa au majivu, na kufanya hivyo hufungua vitamini iliyojificha ndani ya punje, ile inayozuia ugonjwa huo. Mbegu ilivuka bahari, lakini maarifa hayo hayakuvuka nayo. Yule mama aliniambia kwamba bibi yake hakutaka kuiona polenta mezani siku ya Jumapili.

MWANAIDI: Nimeelewa kwa nini. Sasa msafiri anayekufuata ajihadhari na nini?

BARNABA: Saa, kuliko kitu kingine. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na nusu na saa nane. Ukifika saa tisa utakuta jiko limezimwa, na cha jioni hakianzi kabla ya saa moja na nusu. Kwenye mkahawa utaona yuro moja au mbili kwa kila mtu zinazoitwa coperto. Hizo ni za mkate na meza, si wizi. Gari uliache nje ya kuta za miji ya zamani, kwa maana kamera zinakupiga picha; mji mmoja mdogo umenitumia faini mpaka Dar es Salaam. Na kahawa ya maziwa ni ya asubuhi. Baada ya mlo ni kikombe kidogo cheusi, ambacho kwa mtu wa Bukoba kina utani wake, kwa kuwa Italia ni mnunuzi mkubwa wa kahawa aina ya robusta, kama ile ya Bukoba, kutoka kwa majirani zetu Waganda. Nilimwambia mwenye mkahawa kwamba pengine nilipishana na kahawa yake njiani.

MWANAIDI: Jibini je, imebaki hata kidogo, au picha za ng'ombe tu?

BARNABA: Nilileta kipande cha miezi 36, kimefungwa bila hewa. Nilimpelekea mama yangu. Alionja, akakaa kitambo, akaniuliza kwa upole kama walioniuzia maziwa hayo waliniambia yalilala kwa siku ngapi.