Tumuulize Kwanza Mwenye Shamba

Wazee wangu, dada na kaka zangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmepita barabara ya Muindi Mbingu mkija hapa mjini Nairobi. Nimekuja kuzungumza juu ya mabadiliko ya tabianchi na mkulima, na naomba tuanzie kwenye jina hilo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema ardhi ya Ukambani inamomonyoka kwa sababu ng'ombe wamezidi, ikaanza kuchukua mifugo ya watu na kuiuza kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakimdai gavana awasikilize. Yeye alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini uuzaji ule wa lazima ulisimamishwa.

Sasa, mmomonyoko ulikuwepo kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Waliokuja kutibu waliuona ugonjwa, ila hawakumuuliza mgonjwa neno.

Miaka ya baadaye sehemu kubwa ya ardhi ile ilipona, na ilitibiwa kwa majembe ya vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, akina mama wakiwa mbele. Kazi yao inajulikana duniani kwa jina la Kiswahili: fanya juu. Wataalamu wa udongo wa nchi za mbali huliandika hivyo hivyo, bila kulitafsiri.

Kwa ambao hawajaiona, iko hivi. Unafunga kamba kwenye vijiti viwili, katikati unaning'iniza pimamaji kama ya fundi mwashi. Watu wawili wanasogea kwenye mteremko mpaka kiputo kitulie katikati, hapo mnachomeka kigingi. Vigingi vikishajipanga, unachimba mtaro wa kina cha kama sentimita 60, na udongo wote unaurusha upande wa juu. Kurusha udongo juu kunavunja mgongo, mlioshika jembe mnajua. Lakini lile tuta linazuia udongo usiteremke, na mwaka baada ya mwaka shamba linajisawazisha, linakuwa kama ngazi. Juu ya tuta unapanda nyasi za ng'ombe. Ndani ya mtaro maji yanatulia, yananywewa na ardhi polepole. Mama yangu hupanda migomba na mipapai humo.

Nimekaa sana kwenye mtaro kwa sababu mabadiliko ya tabianchi, yakifika shambani, ni habari ya maji: yamekuja lini, yameanguka kwa nguvu gani, yamebaki au yamekwenda. Tangu mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilitunyima mfululizo, ukame ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na masika ya 2024 mito ikavunja kingo hadi hapa Mathare. Desemba ile ya 2023 nilikuwa nyumbani Makueni, huko huko Ukambani. Ng'ambo ya ua kulikuwa na shamba lisilo na mitaro. Limebaki changarawe, mizizi ya mbaazi iko nje kama vidole. Kwa mama mitaro ilikuwa imejaa tope, lakini ndengu zimesimama. Tulizoa lile tope siku mbili na kulirudisha shambani.

Kuna jambo la pili, nalo ni utabiri. Wataalamu wetu wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner wanajua mengi. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito. La Niña, yaani maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ikitawala, vuli hukauka. Elimu hii ni mali. Lakini ikimfikia mkulima inasema mvua huenda ikazidi wastani. Wastani wa wapi? Makueni hiyo hiyo ina milima ya Mbooni yenye ukungu na ina Makindu yenye joto kali. Mkulima anauliza maswali mawili: nipande lini, na mvua itaniacha lini? Akijibiwa kwa kijiji chake, redioni, kwa Kikamba, ataamua mwenyewe kama ni mahindi ya Katumani, yale yanayokomaa upesi, au ni mtama na ndengu.

Na akishaamua, tusimcheleweshe. Msimu mmoja mbegu za msaada zilifika kijijini kwetu wiki tatu baada ya mvua kuanza. Ofisi iliyozileta siitaji, maana sikuja kushtaki mtu. Mama alizipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akaziweka darini. Kwenye udongo wetu, wiki tatu ndiyo tofauti ya kuvuna na kukosa, maana vuli yenyewe haina hata miezi mitatu.

Ndiyo maana naipenda njia iliyoanza Makueni miongoni mwa kaunti za kwanza, ya mfuko wa tabianchi ambapo kamati za wadi ndizo zinazopendekeza kazi ya kufanywa. Kijiji kimoja kitataka bwawa la mchanga, ule ukuta unaokinga mto wa msimu hadi mchanga ujae na kuficha maji yasinyonywe na jua. Kingine kitataka kitu tofauti kabisa, na kina sababu zake.

Nilipojua nitazungumza hapa nilimpigia mama, nikamuuliza niwaombe nini watu wa Nairobi. Alinyamaza kidogo, akasema kikundi chao kina pimamaji moja inayozunguka nyumba 14, na zamu yake huwa inafika mvua imeshaanza. Akaomba mbili zaidi, kabla ya Septemba.