Alivuka au Hakuvuka? Kupanga Kikosi Bora cha Simba cha Zama Zote

AISHA: Karibuni tena, wana Msimbazi, mashabiki wa Simba. Leo tumejipanga kutaja kikosi bora cha Simba cha zama zote, kuanzia golini mpaka mshambuliaji wa mwisho, halafu tutafunga na mambo matatu ya kuzingatia ukitaka kupanga cha kwako. Mjomba, shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika golini, waambie mada hii imetoka wapi.

AISHA: Sema mwenyewe, uliyekuwepo ni wewe.

MJOMBA: Jumanne tulikuwa msibani. Tumeshazika, wanaume tumekaa chini ya turubai. Marehemu alikuwa Simba damu, mtu wa kusafiri na timu mikoani. Mzee mmoja akasema hatuondoki hapa bila kumpangia kikosi chake. Akachukua daftari la rambirambi, akaligeuza nyuma, akachora mistari kumi na mmoja. Jina la kwanza likaandikwa bila mtu kukohoa: King Abdallah Kibadeni.

AISHA: Hapo nani abishe? Tarehe 19 Julai 1977, Simba sita, watani wetu Yanga bila. Matatu yake.

MJOMBA: Mawili ya Jumanne Hassan Masimenti, na moja wakajifunga wenyewe. Basi, tukaenda kwa kipa. Hapo daftari likachafuka. Kaseja akaandikwa, akakatwa. Mwameja akaandikwa juu yake, akakatwa. Kaseja tena, safari hii kwa herufi kubwa. Akakatwa mpaka karatasi ikatoboka.

AISHA: Na kalamu alikuwa nayo nani?

MJOMBA: Kwenye kumkata Kaseja nilikuwa nayo mimi.

AISHA: Mjomba! Juma Kaseja?

MJOMBA: Juma Kaseja. Alivuka Jangwani, mtaa wa Yanga.

AISHA: Haya, wasikilizaji, mmesikia. Mimi nilikuja na Kaseja golini na nilidhani ni dakika moja tu, tunasonga. Mwaka 2003 Zamalek ni bingwa mtetezi wa Afrika. Tumemfunga moja Dar, tumekwenda Cairo tumefungwa moja, tukaingia kwenye penati. Golini yuko kijana mdogo. Akapangua, Christopher Alex akaja kupiga ile ya mwisho, Zamalek nje. Uwanja mzima wa Cairo ukanyamaza. Ile mikono ilikuwa ya Simba, Mjomba.

MJOMBA: Ilikuwa ya Simba usiku ule. Baadaye ikavaa glavu za Yanga, tena zaidi ya mara moja.

AISHA: Na katikati hapo akarudi! Tarehe 6 Mei 2012, tano bila. Okwi mawili, Mafisango, Sunzu, na Kaseja mwenyewe akatoka golini kwake akaenda kupiga penati, akafunga. Kipa anaifunga Yanga kwenye dabi. Utampata wapi mwingine?

MJOMBA: Nilikuwepo, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sisemi hakufanya. Nasema alivuka.

AISHA: Kwa hiyo Mwameja.

MJOMBA: Mohamed Mwameja. Fainali ya Kombe la CAF 1993, mechi ya kwanza Abidjan, Stella wako nyumbani kwao, bila bila. Hiyo hamuisemi. Mnasema tu yale mawili tuliyofungwa hapa kwenye marudiano. Nilikuwa Uwanja wa Taifa siku hiyo, ule wa zamani ambao sasa ni Uhuru. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Tulishajiona mabingwa. Mwameja baada ya filimbi alibaki amesimama kwenye mlingoti, hakuna hata mmoja wetu aliyemtukana.

AISHA: Nakubali alikuwa mkubwa. Lakini unampa nafasi kwa sababu ya ukubwa wake au kwa sababu mwenzake alivuka mtaa?

MJOMBA: Yote mawili.

AISHA: Haya, tuitumie hiyo sheria yako kwa wengine. Beki wa kushoto nilimweka Tshabalala. Miaka yote ile, nahodha.

MJOMBA: Alivuka au hakuvuka?

AISHA: Alivuka, 2025. Kiungo mkabaji nimemweka Jonas Mkude.

MJOMBA: Alivuka.

AISHA: Klabu ilimuaga yenyewe, Mjomba! Ulitaka akae nyumbani aangalie televisheni? Okwi?

MJOMBA: Alivuka. Akarudi, ndiyo, lakini alivuka.

AISHA: Tambwe?

MJOMBA: Alivuka. Na Yondani usinitajie, nimeshaona mdomo wako unaelekea huko.

AISHA: Samatta.

MJOMBA: Samatta hakuvuka mtaa, alivuka mipaka. Mwaka 2011 tumecheza na TP Mazembe, wametutoa, lakini wamemwona kijana na wakamchukua. Huyo hata alikaa kwetu muda mfupi nampa kiti.

AISHA: Msimu mmoja unampa kiti, misimu ya Clatous Chama hupati pa kuiweka?

MJOMBA: Sasa tumefika ulikotaka kufika.

AISHA: Ndiyo, tumefika. Desemba 2018, Nkana wametoka kutufunga mbili moja kwao Zambia. Hapa tuna mbili moja, mechi inakwisha, na Chama anapiga kisigino. Kisigino, dakika za mwisho, kwenye mechi ya kuingia makundi! Machi 2019, AS Vita ya Kongo, tunahitaji ushindi twende robo fainali, moja moja, dakika ya tisini, Chama tena. Nilikuwa jukwaa la mzunguko, uwanja ulikuwa bado haujaitwa wa Mkapa. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia na mtandio wake ukabaki shingoni kwangu. Kizazi changu kilijifunza kuiamini Simba Afrika kwa miguu ya yule mtu.

MJOMBA: Na 2024 akasaini wapi?

AISHA: Jangwani.

MJOMBA: Basi.

AISHA: Sio basi. Goli la Vita halikuvuka naye. Lile limebaki Msimbazi. Ukimtoa Kaseja, Tshabalala, Mkude, Okwi na Chama, umeifuta Simba ya miaka ishirini. Umebaki na picha za rangi ya kahawia.

MJOMBA: Picha hizo zina watu. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers wametupiga nne bila hapa nyumbani. Nne! Timu ikapanda kwenda Zambia watu wameshaizika. Ikawafunga tano bila kwao. Thuweni Ally matatu, Kulagwa mawili. Hao hawakuwa na mikataba ya kueleweka. Walikuwa na jezi. Nikimkalisha mmoja wao benchi ili apite mtu aliyeibusu nembo yetu Jumamosi na kesho yake akavaa ya mtani, nitamwambia nini?

AISHA: Utamwambia mpira umekuwa kazi. Mchezaji ana miguu ya miaka michache, ana watoto wa kusomesha.

MJOMBA: Kazi sikatai. Akafanye, Mungu ambariki. Lakini kikosi cha zama zote sio ajira. Ni heshima tunayoitoa sisi mashabiki, na heshima ina masharti yake.

AISHA: Na mimi nasema ni deni. Mtu alishatufanyia, tunamlipa. Hatuangalii alikwenda wapi baada ya hapo.

MJOMBA: Mimi naangalia.

AISHA: Najua unaangalia. Sikubaliani na wewe.

MJOMBA: Wala mimi.

AISHA: Tunaoneshwa mkono hapa, dakika zimeisha. Mjomba, mambo matatu hatujagusa hata moja. Mfumo, wachezaji wa kigeni, kulinganisha zama, vyote viko kwenye karatasi yangu.

MJOMBA: Viache. Kikosi kina wangapi?

AISHA: Tulichokubaliana wote wawili ni Kibadeni. Mtu mmoja.

MJOMBA: Na Mwameja golini.

AISHA: Golini hapana mtu. Wiki ijayo tunaanza na mabeki. Mimi kulia nina Shomari Kapombe.

MJOMBA: Kapombe alipita Ufaransa, akapita Azam, akarudi nyumbani. Andika.

AISHA: Wawili. Kwaherini, tukutane wiki ijayo.

MJOMBA: Na orodha yako ya viungo ije bila Mkude.

AISHA: Inakuja na Mkude, Mjomba.