Jasusi Asiyeijua Kazi Aliyotumwa

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, assalaam alaykum.

Picha mmeiona jana usiku, kwa hiyo sitaisimulia upya. The Spy Who Came in from the Cold, ya mwaka 1965, muongozaji Martin Ritt, stelingi Richard Burton. Nilikaa safu za nyuma makusudi, nipate kusikia watu wanasema nini. Ilipokwisha, kabla taa hazijawashwa, kijana mmoja akauliza, "Sasa huyu jasusi gani, hata risasi moja hakupiga?" Mwenzake akamjibu, "Na stelingi mwenyewe kafa!" Wakainuka, wakaenda zao Forodhani. Kama wamo ukumbini leo, nawaomba wanisikilize mpaka mwisho. Jambo hili nimelisema katika baraza nyingi za mji huu na nitaendelea kulisema: picha ya kijasusi haipimwi kwa risasi. Itazame uone kama inakuonesha nani anamtumia nani. Ikishindwa hapo, hata ikiwa na mabomu, imeshindwa.

Hii haikushindwa. Leamas, jasusi wa Kiingereza anayechezwa na Burton, anarudishwa London baada ya mtu wake wa mwisho kuuliwa mpakani Berlin. Mkubwa wake anampa kazi: ajifanye kafukuzwa, ajifanye mlevi, afungwe jela, kisha awauzie Wajerumani wa Mashariki siri zitakazomuangamiza Mundt, mkubwa wa ujasusi wao. Leamas anaikubali kwa sababu anamchukia Mundt. Kumbe Mundt ni mtu wa Waingereza siku zote, na kazi yote ile ni ya kumuokoa. Anayetakiwa kufa ni Fiedler, msaidizi wake, aliyeanza kumshuku. Leamas ni chambo, na chambo haambiwi anavuliwa samaki gani.

Najua mtaniambia: maalim, hayo ni maneno, na sinema ni vitendo. Haya. Disemba hiyo hiyo ya 1965 ilitoka Thunderball, picha ya James Bond, ya rangi, watu wanapigana chini ya bahari. Siwakatazi kuitazama. Lakini kuna kitu jana kiliwapita wengi. Yule mwenye duka anayekataa kumkopesha Leamas, akapigwa ngumi akaanguka, ni Bernard Lee. Huyo huyo ndiye aliyecheza M, mkubwa wa James Bond, siku zile! Kama Ritt alikusudia au hakukusudia, mimi sina haja ya kujua. Kila nikiiona ngumi ile naona picha moja inaijibu nyengine. Kule jasusi anapewa gari na bastola na serikali yake. Huku anakosa hata kukopeshwa chakula dukani, na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyompangia akose.

Na walioitengeneza walijua wanachokisema. John le Carré, mwenye kitabu, alikuwa bado mtumishi wa ujasusi wa Uingereza kitabu kilipotoka mwaka 1963. Martin Ritt alifungiwa kazi katika televisheni ya Marekani miaka ya 1950, siku zile za kuwasaka wakomunisti. Sam Wanamaker, anayecheza Peters, yule anayemhoji Leamas Uholanzi, na yeye alihamia Uingereza kwa sababu ya msako huo huo. Hawa walijua inakuwaje jina lako likitajwa na mtu ofisini, na kesho yake huna kazi.

Hoja ya "haina vitendo" inanichosha zaidi ikitoka kwa Mzanzibari. Mwaka 1965 sisi tulikuwa wapi? Mapinduzi yametimiza mwaka mmoja, Muungano haujafika hata mwaka. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na wanadiplomasia wao walikuwa wanaishi hapa hapa mjini. Ujerumani Magharibi ikambana Mwalimu Nyerere, na Februari 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akawaambia wachukue na mwengine uliobaki. Kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga, kule Tunguu, kilikuwa kimeshafungwa tangu 1964. Wachina wapo, Warusi wapo, Waingereza wapo, Wamarekani wana ubalozi mdogo. Wote wanachunguzana katika mji ambao unaweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja.

Sasa nisikilizeni kisa cha simu. Wanaonijua wamekisikia, watanivumilia. Balozi mdogo wa Marekani hapa Unguja alikuwa Frank Carlucci, kijana bado. Januari 1965, sherehe za mwaka mmoja wa Mapinduzi zinakaribia, Carlucci anataka Washington ilete salamu za pongezi kutoka ngazi ya juu. Anazungumza kwa simu na Robert Gordon, ofisa mwandamizi wa ubalozi wao Dar es Salaam. Kwa maelezo ya Wamarekani, katika mazungumzo yale walisema wanahitaji risasi zaidi, yaani hoja za kuwashawishi wakubwa wao. Kumbe simu inasikilizwa. Aliyesikiliza akafahamu risasi za bunduki. Khabari ikapanda juu ikiwa njama dhidi ya serikali, na mwezi huo huo wote wawili wakafukuzwa nchini. Marekani ikajibu kwa kumfukuza mwanadiplomasia wetu mmoja, na mabalozi wa pande zote mbili wakaitwa makwao. Kwa maneno ya kwenye waya! Na huyo Carlucci hakuishia hapo. Baadaye alikuwa naibu mkurugenzi wa CIA, na mwaka 1987 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Kila nikikisema kisa hiki kuna mtu ananiuliza: je, kama ni kweli walikuwa na njama? Mwenye kuwashuku Wamarekani ana haki yake, maana katika mambo ya kupindua serikali za watu rekodi yao inajulikana. Lakini hilo haligusi ninachokisema hata kidogo. Chukueni upande wowote mnaoutaka, bado hapana bastola, hapana gari linalokimbia. Pana mtu aliyesema, mtu aliyesikiliza, na mtu aliyeandika alichodhani amekisikia. Kazi ya ujasusi ndiyo hiyo. Imefanyika hapa, kwenye waya wa simu unaovuka bahari kwenda Dar es Salaam, halafu mtoto wa mji huu huu ananiambia picha ya watu kukaa chumbani wakihojiana haina ukweli!

Rudini kwenye ile mahakama ya jana, kule Ujerumani Mashariki, Fiedler anapomshitaki Mundt. Nan, mpenzi wa Leamas, mfanyakazi wa maktaba, mwanachama wa chama cha wakomunisti cha Uingereza, ameletwa kutoka kwao bila kujua ameletewa nini. Anaulizwa juu ya Leamas, anaulizwa juu ya waliomjia baada ya Leamas kufungwa. Hasemi uongo hata mmoja. Kila neno lake la kweli linampeleka Fiedler kaburini, na London walijua atayasema, kwa sababu ndio waliomwekea mambo hayo ya kuyasema. Hapigwi mtu pale. Anakaa tu, anajibu. Kama moyo wako haukwenda mbio katika dakika zile, mimi sijui unatafuta nini kwenye sinema.

Na Fiedler. Hapa naomba mnipe muda, Bwana Mwenyekiti, maana wengi wanamtazama Burton tu. Fiedler ni Myahudi. Mundt alikuwa Mnazi. Vita vya Hitler vimekwisha miaka 20 tu kabla ya picha hii kutoka. Fiedler anaiamini serikali yake, anataka kujua ukweli, anamuuliza Leamas, "Nyinyi mnaamini nini?" na Leamas hana jibu la maana. Oskar Werner anaucheza ule uso wa mtu ambaye hatimaye amekipata alichokuwa akikitafuta, kisha kinageuzwa mbele yake kuwa hukumu yake ya kifo. Alipewa tuzo ya Golden Globe kwa kazi hiyo, na aliistahiki. Basi fikirini: nchi iliyopigana na Wanazi inamtoa Myahudi mkweli auliwe, ili ibaki na Mnazi anayeifaa. Na mpangaji wa haya ni yule mzee mpole wa London, anayezungumza taratibu mbele ya kikombe chake. Picha ya Kiingereza, iliyotoka Vita Baridi vikiwa vinaendelea, inawaambia Waingereza jambo hilo usoni. Mniletee picha ngapi zilizothubutu hivyo.

Kwa hiyo stelingi anapofika juu ya ukuta wa Berlin, Smiley, ofisa wa ujasusi wa London, anamwita upande wa pili aruke, na Nan ameshapigwa risasi chini, ule uamuzi wa kushuka kumfuata ndio pekee katika picha nzima ambao hakupangiwa na mtu. Mnaosema alikufa kijinga, semeni. Angeruka, angerudi kwa waliomtumia, wakampe kazi nyengine.

Sasa kasoro, na msidhani nitazificha kwa sababu naipenda.

Ya kwanza ni Nan mwenyewe. Claire Bloom ni mchezaji mzuri, hakuna ubishi, lakini kaandikiwa nini? Mwanamke msomi, mwanachama wa chama cha siasa, anazungumza siasa kama mtoto wa skuli aliyekariri. Leamas anamcheka, na picha nayo inatukaribisha tumcheke. Haulizi anapopaswa kuuliza. Haonekani kuwa na ndugu wala shoga anayemshauri. Yupo ampende Leamas, atoe ushahidi, afe. Na hili linaniudhi kwa sababu picha inamlaumu mkubwa wa London kwa kumtumia binadamu kama chombo, halafu yenyewe inamtumia Nan vile vile. Nimewahi kujibiwa kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, tuone jinsi asivyohesabiwa. Sikubali. Mtu anaweza kudharauliwa na waliomzunguka na bado mwandishi akampa akili. Fiedler kapewa. Kwa nini Nan asipewe?

Ya pili ni lile gari usiku, wanapoelekea ukutani. Leamas anamueleza Nan kila kitu: nani alikuwa nani, kazi ilikuwa nini, majasusi ni watu gani. Burton anayasema vizuri mno, kwa uchungu, na najua ndiyo sehemu inayotajwa kuliko zote. Lakini mtazamaji aliyekaa macho mahakamani ameshafahamu. Uso wa Leamas alipomtazama Mundt ulitosha. Pale mtengenezaji alituogopa, akaona labda hatukufahamu, akatufafanulia.

Ya tatu ndiyo yangu khasa, na nataka mnisikilize nyinyi wa Kikwajuni na Kilimani. Wajerumani wa Mashariki tunaowaona katika picha ile karibu wote ni maofisa, walinzi na mahakimu. Nchi nzima haina mtu anayekaanga yai. Sisi tumewajua wengine. Majumba ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wao, na watu wanalala humo mpaka usiku wa leo. Walikuja walimu, madaktari, mafundi. Ramani ya mji ya 1968, iliyotuletea Michenzani, waliichora wapangaji wao.

Mtaniambia walikuja pia watu wao wa usalama wakafundisha watu wetu. Ndiyo, walikuja, limeandikwa na si siri tena, na wapo waliolia kwa ajili ya mafunzo hayo. Silifuti hilo. Ninachosema ni kwamba fundi na kachero walishuka kutoka ndege moja, wakaishi mji mmoja, na anayetaka kuelewa Vita Baridi hana budi kuwaona wote wawili. Ritt alimuona mmoja. Hadithi ya yule mwengine, na ya jirani yake Mzanzibari aliyesikia simu inalia mlango wa pili na akajua asiulize, ipo hapa na haijapigwa picha. Kila mwaka tunakusanyika Ngome Kongwe kutazama sinema za ulimwengu, vijana wanatoka pale wanataka kuiga magari na milipuko ambayo hawana pesa za kuilipia. Chumba, meza, simu, watu wawili. Hivyo mnavyo!

Mwenyekiti ananionesha saa. Basi haraka: picha ni nyeusi na nyeupe wakati rangi ilikuwepo, kazi ya mpiga picha Oswald Morris, na uamuzi ule ulikuwa sahihi, maana ukungu na lami iliyorowa vinafanya kazi nusu ya waigizaji. Ule mpaka wa Berlin ulijengwa Dublin, na mwenye kulalamika kwamba si Berlin ya kweli atafute jengine la kulalamikia. Juu ya Burton nilikuwa na mengi, na muziki sikuugusa kabisa, nayaacha.

Maswali nataka yaanze na dada mmoja aliyenisimamisha asubuhi ya leo pale Darajani. Anasema nimemkosea Ritt, kwamba Nan ndiye mtu pekee katika picha ile asiyemfanyia mtu hesabu, na kumtaka awe mjanja ni kumtaka afanane na wale wengine. Bado sijakubali, maana akili na ujanja ni vitu viwili. Lakini ni hoja nzito kuliko zote nilizopewa juu ya picha hii. Dada, njoo mbele, kipaza sauti hiki hapa, uiseme mwenyewe.