Bata Mmoja, Bata Moja

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, mambo vipi? Na nyie mliokaa nyuma karibu na mlango, nawaona. Nitajitahidi msitoroke.

Nimepewa nafasi nizungumzie majina ya ndege na maana zake za mtaani. Ndege wa kuzungumziwa ni wengi. Kuna kunguru, ambaye tukisema hafugiki tunamsema mtu na wala si kunguru. Kuna njiwa wa kwenye mashairi ya mapenzi, na kuna kasuku, yaani mwenzetu anayerudia aliyoyasikia bila kuyatafuna. Hao nitawaacha. Leo namtaka bata.

Tuanze na bata mwenyewe, huyu wa uani. Bata wengi tunaofuga, wale wenye nyama nyekundu zilizovimba usoni kuzunguka macho, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini. Dume lake ni kubwa kuliko jike kwa mbali, na halipigi zile kelele tunazowafundisha watoto wa chekechea. Linatoa pumzi tu, kama mtu aliyekasirika akashindwa kusema. Jike huatamia kwa siku 35 hivi, wakati kuku humaliza kazi kwa 21. Ndiyo maana kuna wafugaji wanaoyaweka mayai ya bata chini ya kuku, na kuku wa watu akakaa pale wiki mbili za ziada bila kujua anachongojea. Miguu ya bata imekaa nyuma na kwa upana. Majini ni kasia, nchi kavu ni tabu, ndipo ukaja ule mwendo wa kuyumbayumba. Nyongeza ni kwamba popote penye tope yeye yupo. Umwagie maji safi kwenye beseni, baada ya dakika tano hujui kama ni maji au uji wa ulezi.

Sasa mnyama huyu wa matope, mtaani Tanzania, ndiye jina la starehe. Kula bata. Mtu akikuambia wikendi hii anakula bata Nungwi, humuulizi kama atamkaanga au atamtia nazi. Unajua kuna bahari, kuna muziki, kuna pesa zinatoka na pengine si zake. Wapo wala bata wa kudumu. Wapo pia wanaosema kwa uchungu kwamba wakubwa wanakula bata huku sisi tunasota, na hapo neno limegeuka lawama bila kubadilika hata herufi.

Kitenzi chenyewe hakina ajabu. Kiswahili kinakula kila kitu: tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula rushwa, tunakula hasara, na mzee wetu amekula chumvi nyingi. Kinachonivutia mimi kipo upande wa pili, kwa huyo anayeliwa. Sikilizeni sentensi mbili.

"Jana tulikula bata mmoja mkubwa."

"Jana tulikula bata moja kubwa."

(Kicheko.) Naona mmeshaelewa, na hakuna aliyewafundisha darasani. Ya kwanza ina sufuria na mifupa. Ya pili ina picha za kurusha mtandaoni. Tofauti imebebwa na vipatanishi peke yake, yaani vile viambishi vinavyofuata ngeli ya nomino. Bata wa manyoya yuko kwenye ngeli ya A-WA, pamoja na viumbe wenzake: bata huyu, bata amelala, bata wangu ameibiwa. Bata wa starehe amehamishiwa kwenye LI-YA, pamoja na jambo na tukio: bata hili, bata la kufa mtu, bata lilianza saa mbili usiku likaisha asubuhi. Ukisema "bata wa kufa mtu" watu watakuelewa, lakini watakuangalia kama mgeni.

Najua kuna mwalimu hapa ameshakunja uso. Atanikumbusha wimbo wa watoto, ambamo mabata "yanaogelea" nao ni wa manyoya kabisa. Kweli, mwalimu. Kwenye usemi wa kawaida ngeli ya viumbe huvunjwa, hasa tunapomkuza mtu au mnyama, na hata mimi dakika chache zilizopita nimesema dume la bata "linatoa pumzi". Ila angalia upande mmoja tu ndio uliolegea. Bata wa manyoya anaweza kupanda akawa "bata hili" ukitaka kumkuza au kumdharau. Bata wa starehe hawezi kushuka akawa "bata huyu", haiwezekani hata kwa utani. Akishushwa, anaota manyoya palepale.

Na hii si tabia ya bata peke yake. Sarufi yetu imezoea kuandika kwenye kipatanishi kwamba jina la kiumbe limehamia kwingine. Ndege ametua, ni wa kwenye mti. Ndege imetua, abiria wanafungua mikanda. Kanga ametaga, kanga imechuja rangi. Hakuna aliyehitaji kubuni neno jipya, I-ZI ilitosha. Mtaa ulipomchukua bata, ulifuata njia ileile ya wazee, na hao ndio vijana tunaowalaumu kwamba wanaharibu lugha.

Mlinganisheni na msemo jirani: kula kuku kwa mrija. Maana ni ileile, anasa. Lakini hapa kuku amebaki kuku. Utamu wote wa msemo ni picha ya mtu aliyetajirika mpaka kutafuna ameona ni kazi, anafyonza paja la kuku kama soda. Ukimwondoa kuku halisi, mrija unabaki unaning'inia. Kwa hiyo husikii mtu anasema "kuku hili lilikuwa zito jana" akimaanisha sherehe. Bata yeye hana picha tena. Nani kati yenu, akisikia "twende tukale bata", anaona mdomo bapa na miguu yenye utando? Hakuna. Mimi nadhani hapo ndipo ngeli inapobadilika, picha inapokufa vichwani.

Kuna mahali ambapo kipimo changu hakifanyi kazi, nami napapenda kuliko pengine pote. "Siku hizi ni mwendo wa bata tu." Hapo kipatanishi ni cha mwendo, bata hana cha kutuambia. Inaweza kuwa ni raha mfululizo, inaweza kuwa jamaa ameumia nyonga. Lazima umwone anayesemwa.

Wenzetu wa Kenya hupata msemo huu zaidi kupitia muziki wa Bongo. Wenyewe wana namna zao za kuponda raha. Kwao Bata mwenye herufi kubwa ni kiatu kwanza, jina la familia ya Zlín, nchi ya Cheki ya leo, iliyoanzisha kampuni mwaka 1894. Familia haikuwa na habari na ndege wetu.

Basi, kama wanakamusi wangeniomba ushauri, nao hawajaniomba, ningewaambia wasimweke bata wa starehe kama kijineno cha mwishoni chini ya yule wa uani. Wampe kidahizo chake, yaani ingizo lake mwenyewe kwenye kamusi, chenye namba yake juu: bata ya pili, nomino, LI-, starehe au anasa, hutumika sana na kitenzi kula. Mfano wa sentensi msitoe kitabuni. Kaeni kwenye daladala Ijumaa jioni.

Bata bukini na bata mzinga sikuwagusa, na naona mkono umenyooshwa kule. Karibu, dada, uliza.